Sare ya sendofu ina maduara kama sinia, na mimi ni mtu wa nguo tulivu. Nifanyeje?

MhasibuMpole, Dodoma

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa mawazo, na tafadhali msinijibu "jiamini tu dada", nimeshajiamini na bado nguo haijanikaa.

Nina miaka 34, kazi yangu ni hesabu. Mdogo wangu wa mwisho anafanyiwa sendofu mwezi ujao. Kamati (yaani shangazi watatu na wifi mmoja) imekaa, imechagua kitenge, imelipa. Mimi nimeletewa yadi zangu sita kwenye mfuko wa kaki kama mtu anayekabidhiwa hati ya mashtaka.

Kitenge chenyewe ni hiki: ardhi ya bluu ya wino, juu yake maduara ya rangi ya chungwa, kila duara limebeba duara jingine la manjano, katikati kidoti cheusi. Nimelipima moja kwa rula ya ofisini, sentimita 31 toka ukingo hadi ukingo. Nikijifunga mbele ya kioo naona jicho kubwa linanitazama kutoka kifuani kwangu mwenyewe.

Mimi ni mfupi, futi tano na inchi moja, uso mdogo, na kabati langu lote ni nguo ambazo ukiniona leo kesho huzikumbuki. Napenda hivyo. Nimejaza yale majaribio ya mtandaoni ya kujua aina yako ya mtindo, yale yaliyotokana na David Kibbe, Mmarekani aliyegawa watu kwenye makundi tangu miaka ya 1980. Nikaambiwa mimi ni klasiki: mistari myembamba, madoadoa madogo, maua yasiyozidi sarafu. Nikafurahi, maana ndivyo ninavyojiona. Shida ni kwamba aliyeandika yale maswali hajawahi kuingia duka la vitenge. Pale hakuna ua la sarafu. Kuna ndege, feni, viatu, majani ya mgomba, vyote vinapiga kelele kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Hii sare niishone vipi nisipotelee ndani yake? Na kwa jumla, mtu wa aina yangu anachaguaje kitenge?

Kiwembe_Kigamboni

Pole dada. Kanuni ziko wazi. Mfupi havai maua makubwa, mnene havai mistari ya kulala, mweusi havai rangi kali. Hicho mwuzie mtu mrefu, nunua cha maua madogo kinachokaribiana rangi. Nani atajua?

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Kiwembe mwanangu, shangazi watatu watajua. Na hiyo ya "mweusi havai rangi kali" sijui umeitoa wapi, nenda kairudishe.

Mhasibu, usiuze kitenge cha watu. Utaanzisha ugomvi utakaokuja kusuluhishwa msibani.

Mimi nashona Ngamiani, huu mwaka wa 22. Hayo ya ua kubwa na mtu mfupi nimeyasikia tangu sijajua kutia uzi kwenye sindano, na nayaona yakivunjwa kila Idi mbele ya macho yangu. Ngoja nikueleze ninavyofanya mimi, halafu tutarudi kwenye sinia zako.

Mteja akija hajui anachopenda, simwulizi. Nikimwuliza ataniambia anachotaka watu waone. Namwambia kesho niletee nguo uliyoivaa mpaka ikaisha. Sio unayoipenda, hiyo ataniletea ya kwenye picha. Nataka ile iliyochakaa kwapani, iliyopauka kola, ambayo anaona haya hata kuitoa kwenye mfuko. Alinijia mwalimu mmoja anataka "kitenge cha kuchangamka". Nguo iliyoisha akaleta shati la drafti ya kijivu na nyeupe, vijumba vidogo, kifungo cha pili kimebadilishwa mara mbili. Nikamwambia mama, wewe huchangamki kwa maua, unachangamka kwa mpangilio. Tukatafuta kitenge chenye vijumba vilivyojipanga safu kwa safu, kijani juu ya kijani. Akakivaa mpaka nacho kikaisha, akaniletea tena kama kipimo.

Kwa hiyo kabla ya mashine kukuambia wewe ni klasiki, nenda kabatini, leta iliyoisha.

Sasa hili la ua la sarafu. Mwanangu, udogo sio utulivu. Tazama kisutu, ile khanga ya harusi. Vimaua vyake vidogo mno, vimebanana hakuna pa kupitisha kidole. Lakini ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mwari akiivaa unamwona toka ng'ambo ya barabara kabla hujamwona aliyemshika mkono. Kisha chukua ua kubwa kama sufuria, lakini la zambarau iliyokolea juu ya zambarau iliyopauka. Ukisimama hatua kumi, ua limezama. Linabaki kama kivuli cha mti ukutani.

Kinachopiga kelele ni rangi zinavyogombana. Ukubwa unafuata nyuma. Kwa hiyo dukani usisimame pua kwenye jora. Mwambie kijana akifungue, arushe yadi mbili begani kwake, wewe rudi nyuma mpaka mlangoni, fumba macho nusu. Kikigeuka rangi moja, ni kitulivu hata kama ua lake ni la mgomba. Kikibaki vipande vipande, kitakusumbua hata kama ua lake ni la mchicha. Vijana wangu wanapiga picha kwa simu, wanaitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Nayo inafaa. Pale unaona kabisa kama ua na ardhi ni majirani au maadui.

Kitu kingine watu hawakitazami ni ardhi yenyewe. Kuna kitenge ua limekaa peke yake, ardhi tupu imelizunguka, kila ua linaonekana kama limeitwa jina. Kuna kingine ardhi imejaa michirizi kama mishipa ya mkono wa mzee, ua limefunikwa nusu, limekaa kwenye moshi. Mtu wa nguo tulivu aanze na chenye moshi. Hiyo michirizi kwenye kitenge cha wax halisi inakuja kwa sababu utomvu uliopakwa kitambaani kuzuia rangi umepasukapasuka, na rangi ikapenya kwenye nyufa. Ndiyo maana haifanani toka ua hadi ua. Ukiona mishipa imefanana kila ua, kila ua, ujue imepigwa chapa tu. Sio dhambi, navishona vyote, ila bei isiwe moja.

Haya, sinia zako.

Nilishaharibu kitenge cha namna hiyo, nakiri. Mwaka wangu wa tatu au wa nne, gauni la mama wa bwana harusi, maduara kama santuri. Nilikata kwa haraka, kifua nikakiangalia, nyuma sikugeuza. Mama alipovaa, santuri mbili zimekaa palepale unapofikiria, moja kila upande, zimetimia. Akitembea zinazunguka. Alikuwa mtu wa heshima, alinilipa, hakurudi tena. Tangu siku ile sikati ua kubwa kabla sijalitandika juu ya mwili wa mtu na kulitia pini mbele na nyuma.

Duara la sentimita 31 kwenye mwili wako, mbele linaingia moja zima tu na kidogo. Ndiyo maana unaona jicho. Wewe usilibane lionekane dogo. Livunje. Shona sketi ya vipande sita, ya kubana kiunoni na kufunguka chini. Nikikukadiria hipsi sentimita 96, kila kipande pale hipsini kinakuwa na 16, chini kabisa labda 25. Hakuna kipande kinachoweza kubeba duara zima. Fundi akivipanga vipande kwa kuvipishanisha, badala ya maduara unapata vipinde vya chungwa vinavyopanda na kushuka, kama mawimbi. Shangazi zako wataona sare. Wewe utaona mistari.

Juu usiweke kitenge. Tafuta kitambaa kitupu cha bluu ileile ya wino, blauzi ya mikono ya kufika kiwikoni, na kipande chembamba cha kitenge kwenye ukosi tu, kisizidi vidole viwili. Uso wako utapata mahali pa kupumzika. Kwenye yadi sita kitabaki cha kutosha kilemba, lakini kilemba usikifunge mlima.

Na kiloweke kwanza usiku mmoja kwenye maji baridi, wanga utoke, kiingie maji kabla hakijakatwa. Kikiingia maji baada ya kushonwa, hizo 96 zitakuwa hadithi.

MamaWatatu_Lubumbashi

Jambo yenu ba dada. Miye naandika toka Lubumbashi, musinicheke Kiswahili. Kwetu kitenge tunaita kikwembe, na mwanamuke hachague kwa macho peke yake, anauliza kwanza jina. Kuna kile cha "jicho la mke mwenza", kuna kile cha "bwana yangu ana uwezo". Ukivaa, watu wanasoma. Miye siwezi kuvaa jicho la mke mwenza kwenye harusi ya dada yangu, hata ua likiwa dogo namna gani, kwa maana mama mukwe atauliza nataka kusema nini. Basi dada wa Dodoma, uliza na jina la kile kikwembe. Pengine ba shangazi wanasema kitu.

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Mama Watatu karibu sana, hapa hachekwi mtu. Sisi huku kusoma tunasoma khanga, kitenge tunakitazama tu.

Shati_la_Ijumaa

Samahani kuingilia mada ya kina mama. Ofisini kwetu Ijumaa tunaruhusiwa shati la kitenge. Mimi ni mrefu, mwembamba, nikivaa naonekana kama pazia. Nikivaa la mistari tu naonekana mlingoti. Natokaje hapo?

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Baba, nguo gani umeivaa ikaisha?

Shati_la_Ijumaa

Dah. Kikoi. Nina kikoi cha Lamu, cheupe, mistari ya bluu iko pembeni tu. Nalala nacho.

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Basi jibu unalala nalo. Wewe unataka nafasi tupu kubwa na pambo mahali pamoja. Shati la kitambaa kitupu, kitenge kiingie kwenye ukanda wa vifungo na ndani ya kola. Ukitaka la kitenge zima, chagua mapambo yanayokwenda upande, sio ya kupanda, na kata iwe na mabega, isiwe gunia.

Jambo moja la kumpimia fundi wako: mfuko wa kifuani. Ukiuona toka mbali, fundi hakuhangaika. Maua ya mfuko yanatakiwa yaangukie juu ya maua ya shati, mpaka uutafute kwa kidole. Kwa hiyo nunua yadi ya ziada. Ua likiwa kubwa, kulilinganisha kunakula kitambaa, na fundi asiyeambiwa mapema ataziba kwa kipande chochote.

MhasibuMpole, Dodoma

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimeenda kabatini.

Nilitarajia kutoa blauzi yangu ya kijivu yenye mistari. Nimeitazama, nina nayo miaka sita, haijachakaa. Inaonekana nimeitunza zaidi kuliko nilivyoivaa. Iliyoisha ni dera la nyumbani. Nimeona haya kuandika hapa, lakini ndilo. La khanga, korosho kubwa kama kiganja changu, damu ya mzee juu ya wekundu uliofifia. Limetoboka kwapani, limeungua pasi ubavuni, na nyuma maandishi yalikatwa na fundi wa wakati ule. Khanga ilisema JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Kilichobaki, chini kidogo ya kiuno changu, ni SIPATI TAMAA. Nimetembea nalo mbele ya watoto wa jirani miaka minne.

Sasa sielewi. Korosho za kiganja sio klasiki.

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka nimedondosha pini.

Mbona umejijibu? Korosho kubwa hujazikimbia miaka minne, kwa sababu nyekundu mbili hazigombani. Na blauzi ya mistari umeitunza kwa sababu ni nguo ya kuonwa na bosi. Ukirudi dukani acha kuuliza "mna maua madogo?" Uliza "mna cha rangi moja kwa moja?", yaani kilichokolea juu ya kilichofifia cha ukoo uleule. Watakufungulia majora hujawahi kuyatazama. Korosho, majani, mabunda ya ndizi, vyovyote. Kariakoo mtaa wa Uhuru utapata vya kuchagua mpaka miguu iume, na Dodoma nako sokoni vipo, ila usiende jioni. Taa za dukani zinaoanisha rangi ambazo jua litazigombanisha kesho yake. Kitoe nje, kitazame mchana.

Halafu hicho cha futi tano na inchi moja kiache. Sijawahi kuona kitenge kinachouliza urefu. Kinauliza kimekatwa wapi.

Ila sare yako bluu na chungwa ni maadui wa kuzaliwa, hapo sikudanganyi. Ndiyo maana nimekwambia ivunje, na juu uweke bluu tupu.

Kiwembe_Kigamboni

Bi Mkubwa nimefuta ile ya rangi kali. Mke wangu amesoma.

MhasibuMpole, Dodoma

Nimerudi na matokeo, sendofu ilikuwa Jumamosi.

Fundi wa hapa nilimpelekea maelezo yako yamechapwa kwenye karatasi, na mchoro niliouchora kwa rula. Akasema "dada, hii ni ramani ya kiwanja". Kitenge nilikiloweka, kikaingia maji sentimita tatu kwa yadi, nimepima. Blauzi imetoka nzuri, ukosi vidole viwili kamili. Sketi kwa mbele ni mawimbi matupu. Nilijitazama nikajitambua, yaani kwanza niliona uso, kisha nguo. Shangazi mkubwa alisema "hii si ndiyo sare yetu? Mbona yako imetulia?" Sikumjibu.

Nyuma sasa. Kipande cha nne na cha tano fundi alivigeuza. Badala ya vipinde kupishana, nusu mbili zimekutana kwenye mshono. Duara limejiunga upya. Kwa kuwa mshono umekula pembeni sio duara tena, ni yai. Limekaa palepale.

Niligundua ukumbini, wifi aliponipiga picha kwa nyuma.

BiMkubwa_Cherehani, Tanga

Ulimwambia atie pini mbele na nyuma?

MhasibuMpole, Dodoma

Iko kwenye karatasi. Ukurasa wa pili. Hakugeuza.

Nilikaa kitini mpaka chakula kikaisha. Halafu wakaita ndugu wa bibi harusi watoke kuserebuka, tukiwa kumi na wanne, maduara ishirini na kitu na yai moja. Nikatoka.

MamaWatatu_Lubumbashi

Dada, weka picha. Huku tutalitafutia jina.